Alama za Penseli

Fundi alikuwa bado ameegemea bodi ya jipsamu aliyoibandika ukutani, akisubiri povu la gundi likauke, mwenye nyumba alipoingia kutoka sokoni.

"Ukuta huu nimekuongezea bure, mama! Yaani bodi na ukuta sasa ni mume na mke."

Mfuko wa vitunguu ukamponyoka mama.

"Zile alama za penseli ziko wapi?"

"Huku nyuma. Si vipimo vya fundi aliyenitangulia?"

"Ni kimo cha mwanangu Kibonge. Tulimpimia hapo kila mwaka, mpaka tulipomzika."

Fundi akashika kingo za bodi, akavuta kwa nguvu zake zote.

Bodi ilitoka na rangi, ikatoka na plasta. Matofali yakabaki uchi.

Mama akapiga magoti, akaanza kuchokonoa kwa kucha povu lililoshika plasta nyuma ya bodi, akiutafuta mstari wa juu kabisa.