Kuulizwa Mara Moja

Corinne Tranter aliitupa mihuri yake ya kusahihishia, wa paka, wa sungura na ule wa nyota, kwenye pipa la taka, kisha akalisukuma pipa kwa mguu mpaka likagonga kabati.

"Taratibu, mwenzangu," alisema Bi. Odagiri, mwalimu aliyefundisha naye Kiingereza na kukaa dawati la jirani. "Hilo pipa limekukosea nini?"

"Aliyenikosea yuko pale."

Pale, mbele ya ofisi ya walimu, alikaa makamu mkuu wa shule, Shibukawa, akipiga chafya ndani ya barakoa. Mtu mkavu kama dagaa. Kwa miaka sita Corinne alikuwa amemvumilia. Leo, siku yake ya mwisho, alimdharau waziwazi.

Mkataba ukiisha, kibali cha kuishi kinaisha nao. Jumapili yeye na binti yake, Nozomi, wangepanda ndege kwenda Winnipeg. Nozomi alikuwa na umri wa miaka minane, mzaliwa wa Japani, na alikuwa hajawahi kuishi Kanada. Aliota kwa Kijapani, aligombana kwa Kijapani, na tangu juzi alikuwa akijifungia bafuni na kulia kwa Kijapani.

"Lakini si alikuuliza kama utaendelea?" Odagiri alinong'ona.

"Mara moja. Januari, tukinywa chai."

"Ukamjibuje?"

"Kama mtu aliyelelewa. Nikasema mimi ni nani, sistahili, pengine mtafute mwenye uwezo zaidi. Nikainama, nikasubiri aulize tena."

"Na hakuuliza?"

"Akasema, 'Nimeelewa.' Akabeba kikombe chake akaenda zake."

Odagiri alisonya. "Mara moja tu? Basi, dada, hakukutaka huyo. Mimi waliponiomba nisimamie tenisi nilikataa mara tatu, na bado wakanivika filimbi shingoni."

"Najua hakunitaka. Mimi si mgeni wa jana."

Hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Wageni wengine walikuja, wakala, wakapiga picha, wakaondoka bila kujifunza hata namna ya kupokea kikombe. Corinne alikuwa amejifunza yote. Alijua wapi pa kukaa, nani ainame zaidi, na kwamba kitu kizuri hakikubaliwi siku kinapotolewa mara ya kwanza.

Mrithi wake, Brent, alikuwa wa hao wengine. Wiki iliyopita alikuja kutambulishwa, na walimu wakamkaribisha keki ya maharage iliyobaki mwisho kwenye sahani. "Naam, asante!" alisema, akaitia mdomoni yote, akalamba vidole. Ofisi nzima ikatazama dari.

"Ng'ombe," Corinne aliwaza wakati ule. Na ng'ombe huyo alikuwa amesaini mkataba asubuhi hii.

Kwenye ukumbi wa mazoezi, mbele ya wanafunzi waliokaa sakafuni kwa mistari, Corinne aliaga kwa Kijapani cha kujishusha, safi kiasi kwamba mkuu wa shule mwenyewe alisahau kupiga makofi. Wasichana wa darasa la tatu walilia. Shibukawa alikuwa akijifuta macho kwa leso.

"Ni mierezi," alimwambia jirani yake. "Chavua ni nyingi mwaka huu."

"Hata kulia kinafiki kumemshinda," Corinne alimwambia Odagiri walipokuwa wakitoka. "Anasingizia miti."

"Usiseme hivyo. Wakubwa wana mambo yao. Wilaya imewapeleka kwenye semina tele mwaka huu, labda vichwa vimejaa."

"Semina ya nini? Ya kuwa na roho ya korosho?"

Odagiri alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha akamkumbatia, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya katika jengo lile, akakimbilia darasani kabla hajaonekana.

Corinne alibadilisha viatu mlangoni, akaweka vile vya ndani kwenye mfuko wa plastiki, akatoka uani. Alikuwa amefika karibu na geti aliposikia hatua nyuma yake. Alikuwa Shibukawa, akikimbia juu ya changarawe akiwa na viatu vya ndani. Mtu huyu aliwahi kumwita mzazi shuleni kwa kosa hilohilo.

"Mwalimu Corinne! Subiri, tafadhali!"

Corinne aliinama chini sana, adabu yote ikiwa mgongoni na dharau yote ikiwa usoni, mahali ambapo asingeiona. Hakutaka kumtazama. Alitazama viatu vyeupe vya Shibukawa vilivyochafuka.

"Najua nakukosea heshima kusema haya," Shibukawa alisema akihema. "Lakini unaondoka, na mimi nimeshindwa kunyamaza. Uliponikatalia Januari, sikulala. Nilikuja kwenye dawati lako mara nyingi nikuombe tena. Wanafunzi wanakupenda. Mimi pia nilizoea kusikia sauti yako asubuhi."

Changarawe zilianza kutetemeka machoni pa Corinne.

"Kila mara nilijizuia. Kwenye semina walituonya sana kwamba watu wa kwenu si kama sisi, wakisema hapana ni hapana, na kuwauliza mara ya pili ni kuwadharau." Alipenga kamasi. "Nikajikaza, Mwalimu. Kwa miezi mitatu nimejikaza, ili nikuheshimu kwa desturi yenu."

Kisha akamnyooshea mkono wa kuaga, kama walivyofundishwa kwenye semina, na mkono ukabaki hewani juu ya kisogo cha Corinne, ambaye hakuweza kuinua kichwa.