Wimbo wa Mtoto wa Miezi Saba

Nesi alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba la sindano mama mkwe alipomdaka mkono.

"Huyo hachomwi," alisema.

Mkamwana alikuwa amelala ubavu, gauni limepandishwa, uchungu unakuja na kwenda. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Nesi alishawaeleza taratibu kwamba dawa hiyo hukomaza mapafu ya mtoto aliye tumboni. Sindano nne, moja kila baada ya saa kumi na mbili, na wao wangejitahidi kuutuliza uchungu ili dawa ipate muda wa kufanya kazi. Kuchelewa ni kumnyima mtoto pumzi.

Mama mkwe akacheka kwa pua. Wimbo wake nyumba nzima iliujua. Mumewe aliporudi kutoka machimboni, yeye alishika mimba wiki hiyohiyo, na miezi saba baadaye akajifungua salama, bila sindano wala nini. Kilio cha mtoto kilisikika mtaa wa pili.

Mkamwana aliimbiwa wimbo huo tangu alipoolewa. Aliimbiwa hata mwaka juzi, mtoto wake wa kwanza alipotoka kabla ya siku zake, palepale nyumbani. Alihema siku moja na nusu, mbavu zikibonyea, kisha akanyamaza mikononi mwa mama mkwe. Tangu hapo mkamwana aliitwa pakacha, maana tumbo lake linavuja.

Mume alisimama miguuni pa kitanda, mkoba wa mkewe begani, tayari kuondoka. Pandikizi la mtu.

"Ushahidi si huu hapa?" akamwambia nesi, akijipiga kifua. Kisha akamgeukia mkewe bila kupandisha sauti. "Ukikubali kuchomwa, ukitoka hapa nenda kwenu."

Mkamwana akafumba macho. Kwao hapakuwa na mtu tena.

Nesi akaweka bomba kwenye trei. Akauliza huyu mume alizaliwa na uzito gani.

"Enzi zile nani alipima," mama mkwe akadakia.

Kwenye benchi karibu na mlango, baba mkwe akatabasamu. Sehemu hii aliipenda.

"Alijaza mikono yangu yote miwili," alisema. "Damu yetu hukomaa upesi, sista. Si kama ya hawa wa kuokota."

Nesi akamtazama mama mkwe kidogo, kisha akajishughulisha na pamba zake.

Uchungu ukarudi. Mkamwana akauma shuka mpaka ulipopita.

"Mama," alisema, "yule wa kwanza ulimshika wewe. Ulimwona."

Mume akasema wanamsubiri mama yake tu, mwenye kujua. Akitamka neno moja, wanaondoka.

Mama mkwe akalitazama lile tumbo, akatazama benchi. Viganja vyake akavifuta kwenye kanga, kimoja, kingine, kana kwamba vimeloa. Halafu akaisogeza trei kwa nesi.

"Mchome, pakacha huyu," alisema. "Wangu alikuwa wa miezi tisa."

Kwenye benchi, mzee akaanza kukunja vidole, akihesabu miezi tangu atoke machimboni. Alipofika cha saba akaacha, akainua macho, akamtazama mwanawe kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa mno.