Amina Nyuma ya Ukuta

Tusekile alikisukuma kikombe cha uji kwa mpini wa jembe, taratibu, mpaka kikapita chini ya pazia na kuingia chumba cha mgonjwa. Uso wake aliuelekeza uani. Hakutaka hata kivuli cha baba mkwe wake kimpite machoni.

"Ndaga," sauti ilishukuru kutoka ndani, kavu kama jani la mgomba linaloburuzwa chini.

Siku hizi wengi wamelegeza. Pale Tukuyu mjini utamkuta mkamwana na baba mkwe wameketi kochi moja wakitazama taarifa ya habari. Lakini Tusekile alilelewa na bibi yake kule Suma. Alifundishwa kwamba mwanamke mwenye heshima hamtazami baba mkwe, haingii anamolala, wala hawatajani kwa majina. Tangu aolewe na Lugano hakuwahi kuuona uso wa mzee Ambindwile. Haikuwa shida, maana mzee aliishi Kyela kwa mke mdogo, akilima mpunga.

Miezi mitatu iliyopita, siku ya mvua, pikapu ilisimama nje. Tusekile akakimbilia nyuma ya nyumba kama ilivyompasa. Baadaye mama mkwe wake, Atuganile, alimfuata huko, macho mekundu.

"Ni mzee. Anaumwa sana, mwanangu. Hataki kuonwa na mtu."

Tangu hapo Tusekile alimstaajabia mama yule. Mume aliyemwacha miaka kumi, leo alimlisha kwa kijiko, akamgeuza kitandani, akamfulia mashuka bila kunung'unika.

"Ndizi zake tia maziwa mengi," alimwagiza.

Tusekile alitabasamu. Lugano naye alizipenda hivyo hivyo.

Lugano alikwenda Chunya kuchimba dhahabu. Huu ulikuwa mwaka wa nne, na simu yake ilinyamaza tangu mwaka wa pili. Tena alikuwapo Amoni, muuza ndizi wa Ibighi, mtu mpole. Aliziba bati lililovuja, akakataa hata chai. Alisema neno moja tu: "Ukichoka kungoja, mimi nipo." Kilichomtisha Tusekile ni kwamba alikuwa ameanza kuusikilizia mlio wa pikipiki yake.

Na mama mkwe mwenyewe alimhimiza. "Nenda, mwanangu. Wewe bado kijana. Lugano angekuwa wa kwanza kukuambia."

"Mama, unanijaribu?"

"Nakupenda, ndiyo maana."

Tusekile akakimbilia maombi. Kila alfajiri alipiga magoti jikoni, kwenye ukuta uliopakana na chumba cha mgonjwa, akaomba kwa sauti. Alipomwombea mama mkwe, sauti ile kavu iliitikia, "Amina." Alipomwombea Amoni apate mke mwema, "Amina," tena kwa nguvu. Lakini kila aliposema, "Bwana, nipe nguvu nimngoje Lugano," ukuta ulinyamaza. Ilimuuma. Baba gani hamwombei mwanawe?

Mchungaji alikuja kumwona mgonjwa, akatoka akifuta macho.

"Usiache kuomba, binti yangu," alisema. "Kuna anayeishi kwa maombi yako."

Maneno hayo yalimtosha. Jumapili, baada ya ibada, akamwambia Amoni hapana. Amoni aliinamisha kichwa, akamwachia mkungu wa ndizi, akaondoka.

Jumatatu Atuganile alipigiwa simu, akajifunga khanga haraka haraka. "Nakwenda kumpokea mgeni stendi. Nikirudi nitakuwa na la kukuambia. Chumbani usiingie, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mchana kitu kizito kilianguka chumbani. Kisha ngumi ikagonga ukuta.

Tusekile alimwita jirani, mama yake Prisca. Kwake kulikuwa kumefungwa, wote wamekwenda kuchuma chai. Akampigia mama mkwe, simu ikaita mpaka ikakatika. Akachota maji, akakisukuma kikombe kwa mpini wa jembe. Akasikia vidole vikikwaruza sakafu, vikikitafuta. Kikombe kikapinduka. Maji yakarudi chini ya pazia, yakamlowesha miguu na pindo la khanga.

"Tusekile," ile sauti ikaita.

Alishtuka. Baba mkwe hamtaji mkamwana wake kwa jina. Ni homa, alijiambia. Au ni yule mjaribu, anataka aiangushe kwa siku moja heshima aliyoilinda miaka yote. Mkono wake tayari ulikuwa umeshika pazia.

"Bwana, nipe nguvu," aliomba.

Na nguvu akapewa. Aliliachia pazia, akageuza mgongo, akaketi kizingitini, akamwimbia mzee mapambio, moja baada ya jingine, kwa upendo wote aliokuwa nao. Sauti ilimwita tena mara mbili. Naye akazidi kuimba, mpaka kule ndani kukatulia, akamshukuru Mungu kwamba mgonjwa amepata usingizi.

Haukupita muda Atuganile akatokea kwenye migomba, akihema. Nyuma yake alikuja mzee mrefu mwenye fimbo, mfuko wa mchele wa Kyela begani. Tusekile akainuka ili akimbilie nyuma ya nyumba.

"Leo usikimbie, mwanangu," Atuganile alisema, machozi yakimtoka. "Mpishe tu baba Lugano. Amekuja kumwona mwanawe."

Tusekile hakukimbia. Alimtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza, pindo la khanga yake likiwa bado bichi.