Beseni la Siku ya Familia

Wanafunzi waliposhuka altareni na mabeseni yao, Herminia alivua kiatu, akauweka mguu tayari. Kila Siku ya Familia, watawa wa shule ile ya Iloilo, Ufilipino, huwataka mabinti wawaoshe mama zao miguu misani. Miaka yote Herminia alikuwa Hong Kong akilea watoto wa watu, na mdogo wake ndiye aliyekaa mahali pake. Kila alipopiga simu, mdogo wake alimwambia, "Mwanao anakuulizia wewe tu."

Leo amekuja mwenyewe.

"Huyo anakuja, dada," mdogo wake alinong'ona. "Usije ukalia, utatuaibisha."

Herminia akacheka, akainamisha macho. Mdogo wake naye alikuwa peku, kucha zimepakwa rangi mpya nyekundu.

Binti akafika. Akapiga magoti, akalisogeza beseni mbele ya mama yake mdogo.

"Mama, lete mguu."

Mguu ukaletwa bila kusita, kama uliozoea. Binti akaosha kidole kimoja kimoja, wala hakuinua uso. Tone la maji likarukia mguu mkavu wa Herminia.

Mdogo wake akamwinamia sikioni.

"Dada, vaa kiatu. Watu wanatazama."