Mikono ya Bibi Mwaija

Mgonjwa wa kwanza alimpiga Hafidha kofi, maana povu lilimwingia machoni. Wa pili aliteleza kitandani, akapiga ukelele mpaka majirani wakaja kuchungulia.

Huyu wa leo alikuwa wa tatu, na wa nne hakuna. Hafidha akishindwa tena mtihani wa kumwogesha mgonjwa wa kitandani, masomo yake ya afya na ustawi wa jamii yanaishia hapo, mwaka wa mwisho, shahada anaiona kwa macho. Anarudi Fukayosi kulima mihogo. Wiki nzima usingizi ulikuwa umemkimbia, na miguu ilimlemea kama si yake.

Nyumba ilikuwa ya watu wa duka, Bagamoyo mjini. Mgonjwa, Bi Thuraya, alipigwa na kiharusi baada ya Idi, na tangu hapo hajatamka neno. Mkwewe, Kholood, ndiye aliyefungua mlango.

"Ukimwangusha mama mkwe wangu, chai yangu hunywi," alimwambia Hafidha, akacheka, akateremka zake dukani.

Mwalimu wa chuo, aliyekuja kumsimamia mtihani, akakaa kitini. Alikuwa mama mchangamfu, mgeni wa Pwani, kahamia mwezi ule ule kutoka Njombe.

"Haya, mwanangu. Anza."

Kitabu chote kikamtoka Hafidha kichwani. Alisimama na kitambaa mkononi, maji yakimchuruzika mpaka viatuni. Mtu akichoka hivyo, kichwa hakimsaidii. Kinachobaki ni mazoea.

Basi akaiachia mikono. Ilikuwa mikono ya bibi yake, Mwaija. Tangu avunje ungo, Hafidha alikuwa akifuatana na bibi huyo nyumba za watu, Fukayosi mpaka Makurunge, akimshikia kata. Palipokuwa na mwanamke asiyeweza tena kuoga mwenyewe, Bibi Mwaija aliitwa. Na hajatokea hata mmoja, wala hatatokea, aliyelalamika.

Akamtandazia Bi Thuraya shuka, akafanya kazi yote chini yake, pasionekane kitu. Akamwinua mabega kidogo, akamkanda tumbo polepole. Akamtawadhisha. Akaja kichwa. Kisha ubavu wa kulia wote, ndipo wa kushoto. Akarudia. Akarudia tena.

"Stara ya namna hii sijapata kuiona," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Lakini mbona humsemeshi mgonjwa?"

"Huwa hawajibu, madamu."

Mwalimu akaguna kwa huruma.

Bi Thuraya alikuwa amemkodolea Hafidha macho. Midomo ikaanza kumcheza bila sauti. Halafu ule mkono wa kulia, uliolala tangu kiharusi, ukatikisika, na kidole kimoja kikanyooka taratibu, kikabaki kimenyooka.

"Jamani, kidole!" Mwalimu alisimama. "Watu wanamfanyia mazoezi siku zote hizo, wapi! Hafidha, umefaulu. Umesikia? Hata mwisho sihitaji kuuona."

Hafidha alisikia kwa mbali, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Machozi yalimlengalenga, na usingizi nao ulikuwa nyuma yake. Mikono haikusikia kabisa. Ilimkausha bikizee kwa taulo, ikachambua pamba, ikaviringisha vipande vidogo vidogo. Kimoja ikakitia sikio la kulia. Ikachukua kingine, ikakisogeza usoni.

Mwalimu akainama kitandani. "Eti bibi, umeogeshwa vizuri?" Aliuliza tu, kama watu wanavyomsemesha mtoto mchanga, bila kungoja jibu.

Midomo ya Bi Thuraya ikahangaika, na sauti ikatoka, nzito, ya mkwaruzo.

"Vizuri mno, Mungu amlipe. Hiyo pamba ya sikioni nimeivumilia." Akavuta pumzi. "Lakini hiyo ya puani, mjukuu wangu, ngoja nife kwanza."