Namba ya Sanduku

Marafiki watano walimsindikiza Mwajabu hadi kituo cha treni, siku aliporudi kwao baada ya kusoma ughaibuni miaka saba. Aliwakumbatia wanne, wote wakalia. Wa mwisho alikuwa Shemsa, aliyekaa naye chumba kimoja.

Mwaka uliopita, Shemsa ndiye aliyepokea telegramu kwamba mama yake Mwajabu yu mahututi. Akaificha siku tisa ili mwenzake amalize mitihani. Mama akazikwa bila bintiye.

"Umenisamehe kweli, shoga yangu?" aliuliza Shemsa.

"Yameshapita."

"Basi niandikie anwani yako. Nitakuletea barua kila mwezi."

Mwajabu alichukua kalamu, akaandika polepole kwa mwandiko mzuri. Jina la mji lilikuwa sahihi. Namba ya sanduku la posta haikuwa yake, wala ya mtu yeyote aliyemjua. Chini yake akaongeza: Usikawie kuandika.

Shemsa aliibusu ile karatasi. Treni ilipoanza kuondoka, alikimbia kando ya dirisha huku analia. "Usiponijibu nitaandika tena! Nitaandika mpaka unijibu!"

Mwajabu alimpungia mkono akitabasamu, mpaka mashavu yakaanza kumuuma.