Kidole Mdomoni

"Kidole mdomoni!" alifoka Mwalimu Kihwelo, na watoto wote ukumbini wakatii. Kisha akamgeukia Tunu, mcheza ngoma mgeni pale shuleni, aliyesimama katikati na beseni la kufulia kichwani. "Haya, mtunzi wa ngoma. Cheza upesi uondoke. Na atakayecheka humu atanitambua!"

Ngoma hii, ya kwanza Tunu kuitunga, ilihitaji vicheko kama mboga inavyohitaji chumvi. Akalibembeleza beseni kama kichanga, likamponyoka. Akalifukuza, likageuka kumfukuza yeye. Watoto walimtazama tu, wamekaza mashavu. Walimu waliokaa nyuma ya Kihwelo wakasonya. "Mtu mzima na akili zake!" mmoja akasema makusudi asikike.

Hasira zikampanda Tunu hadi utosini. Akalitupa beseni chini, likalia kwa kishindo. Akamwendea Mwalimu Kihwelo, akamkazia macho, akatia kidole mdomoni kama mwanafunzi mtiifu. Kisha, kidole kikiwa palepale, akaanza kuchezesha mabega.

Kwenye mkeka wa mbele msichana mmoja akainuka, kidole mdomoni, mabega yakacheza. Akafuata mwenzake. Mara ukumbi mzima ulikuwa umesimama, mabega yakipanda na kushuka, na hakuna aliyecheka wala kutoa sauti.

"Kaeni chini!"

Hakukaa mtu. Mwalimu Kihwelo akainua fimbo, akatafuta wa kuanza naye. Nyuma yake, yule mwalimu aliyemsema Tunu alikuwa keshatia kidole mdomoni.